Daktari Anajibu: Moyo Unauma, Mbona Wanapima Kumbukumbu?

Swali: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana umri wa miaka 72, ni mwalimu mstaafu, na anasubiri upasuaji wa kupandikiza mishipa ya damu ya moyo. Jirani yetu alipofanyiwa upasuaji kama huo, siku ya pili alianza kuzungumza na marehemu kaka yake na kutaka kuchomoa mipira ya dripu, ingawa baada ya wiki moja alirudiwa na akili zake. Sasa baba ameulizwa tarehe ya leo, ametakiwa kukumbuka maneno matatu na kutoa saba kutoka 100 mfululizo, kisha akaulizwa kama ana huzuni. Amekasirika, anasema kinachouma ni moyo na wala si kichwa. Je, hali iliyompata jirani inaweza kujulikana mapema? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba. Mpe pole mzee, lakini mwambie kwamba waliomuuliza maswali hayo wanafanya kazi yao vizuri. Jirani yenu hakurukwa na akili, wala hakuingiliwa na kitu. Hali hiyo huitwa deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla ambako hupanda na kushuka ndani ya siku ileile, mgonjwa akashindwa kutuliza fikra, akaweweseka na mara nyingine akaona wasioonekana. Kwa kawaida hujitokeza katika siku chache za mwanzo baada ya upasuaji, na miongoni mwa wazee waliopasuliwa moyo ni tatizo la kawaida kuliko familia nyingi zinavyodhani.

Kuitabiri kunawezekana kwa kiasi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha kanuni ya alama kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na ukiitazama utaelewa kwa nini baba aliulizwa yale aliyoulizwa. Aliyewahi kupata kiharusi, hata kile cha kupita, hupewa alama moja. Mwenye dalili za sonona, alama moja. Mwenye kiwango kisicho cha kawaida cha albumini, ambayo ni protini ya damu, alama moja. Na katika kipimo cha kumbukumbu chenye jumla ya 30, aliyepata kati ya 24 na 27 huongezewa alama moja, na aliyepata 23 au chini yake huongezewa mbili. Katika kundi ambalo kanuni hiyo iliundwa kwalo, wasio na alama hata moja walipata deliriamu kwa asilimia 19, wenye alama moja asilimia 47, wenye mbili asilimia 63, na wenye tatu au zaidi asilimia 86.

Angalia hiyo 19. Karibu mtu mmoja kati ya watano ambao hawakuwa na dosari hata moja bado alichanganyikiwa, kwa sababu mengi huamuliwa baada ya mgonjwa kuingia chumba cha upasuaji: muda aliokaa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, damu aliyoongezewa, mapigo ya moyo kupoteza mpangilio, maambukizi, maumivu, kukosa usingizi, na dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu. Ndiyo maana vipo pia vipimo vya alama vinavyofanyika mgonjwa akiwa tayari chumba cha wagonjwa mahututi.

Binafsi sipendi namba hizo zihamishiwe kwetu kama zilivyo. Wengi wanaopasuliwa moyo Afrika Mashariki ni vijana ambao valvu zao, yaani milango ya moyo, zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, na kipimo cha kumbukumbu humwonea mtu ambaye hakusoma au anayeulizwa kwa lugha asiyoizoea. (Mwalimu mstaafu hana kisingizio hicho, mtanie kidogo.) Alama zinatumika vizuri zaidi kuamua nani aangaliwe kwa karibu: nani apunguziwe dawa za kutuliza, asimamishwe kitandani mapema na kulindiwa usingizi wa usiku.

Hapa ninyi wa nyumbani mna kazi ambayo mashine haiiwezi. Mwambieni daktari wa usingizi kama mzee amekuwa akisahau njia au majina, kama hunywa pombe kila siku, kama hutumia vidonge vya usingizi, na msifiche lolote kwa kuona aibu, kwa kuwa anayeacha pombe ghafla siku ya upasuaji anaweza kuweweseka kwa sababu hiyo peke yake. Miwani na kifaa chake cha kusikia vimfuate wodini, arudishiwe mara tu anapozinduka.

Msisubiri vurugu kama za jirani. Deliriamu inayopitwa zaidi ni ya kimya, ambapo mgonjwa analala tu, hajibu, hali chakula, na ndugu wanasema amepumzika. Mkiona hivyo mwiteni muuguzi siku hiyohiyo, kwa maana huenda nyuma yake kuna maambukizi au upungufu wa oksijeni. Na akisema amemwona marehemu, msibishane naye wala msimkubalie. Mshikeni mkono, mjitaje majina, mwambieni yuko hospitali, amepasuliwa lini, na leo ni siku gani.