Maabara wasema udongo ni mzuri, mbona nyasi hukauka kwa wiki mbili?

SWALI: Shikamoo Bi. Nina ekari 30 za malisho upande wa Marafa, kaunti ya Kilifi, juu mgongoni mwa kilima. Mvua zikianza, nyasi zangu huchipua kabla ya za jirani aliye bondeni. Mvua zikikatika, wiki mbili tu zishakuwa manjano na yeye bado analisha. Nilichimba shimo la mita moja. Sentimita 15 za juu ni udongo wa kahawia iliyokolea wenye mizizi tele, chini yake ni mwekundu, na changarawe huzidi kadiri unavyoshuka. Mwamba sikuufikia. Nilimwaga debe zima la maji shimoni, likaisha kabla sijamaliza kikombe cha chai. Nilikausha udongo nikachekecha kilo 20 za kila tabaka: sentimita 0 hadi 20 zilitoa kilo 5 za changarawe, 20 hadi 60 kilo 11, na 60 hadi 100 kilo 13. Maabara walinipa pH 6.4, kaboni asilimia 1.1 juu, mfinyanzi asilimia 12 juu na 22 chini, CEC 5 chini, besi asilimia 70. Wakaandika udongo ni mzuri. Afisa mmoja aliyepita akasema ni udongo wa “skeletiki”. Kijana wangu naye amesoma kwenye simu kuwa udongo wa nyasi wenye changarawe usiotuamisha maji huitwa Molisoli, na ndio bora duniani. Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Laiti kila anayeniandikia angechukua sururu na mizani kwanza kama wewe. Nimekaa na namba zako tangu jana, na zinajibu karibu kila ulichouliza.

Tuanze na maabara, maana hawakukudanganya. Wao huchekecha kabla ya kupima. Kinachobaki juu ya chekeche la milimita 2 hutupwa, na kila namba uliyopewa inahusu kilichopita chini. Kwao udongo ni mchanga, tope laini na mfinyanzi. Changarawe haina safu katika fomu yao, au ipo na haijazwi. Udongo wako uliopita kwenye chekeche ni mzuri kweli. Tatizo ni kwamba unao kidogo.

Kidogo kiasi gani? Hapa wengi hukosea, hata waliosoma. Ukiona kilo 11 kati ya 20 utasema changarawe ni asilimia 55 ya tabaka. Kwa uzito, ndiyo, lakini mzizi hauishi kwenye uzito, unaishi kwenye nafasi, na jiwe ni zito kuliko udongo unaolizunguka. Lita moja ya jiwe gumu la kwatzi ina uzito wa kilo 2.65. Lita moja ya udongo wa tifutifu kichanga, pamoja na vitundu vyake vya hewa, ni kama kilo 1.4. Gawanya: kilo 11 za changarawe ni lita 4.2, kilo 9 za udongo ni lita 6.4. Kwa hiyo mawe yamechukua asilimia 39 ya nafasi. Kwa hesabu hiyohiyo tabaka la juu linatoa asilimia 15, na la chini kabisa karibu 50. Ukihesabu kila tabaka kulingana na unene wake, wastani wa mita nzima ni asilimia 38.5.

Shika hiyo 38.5, tutairudia.

Sasa nyasi. Mita moja ya tifutifu kichanga isiyo na mawe huweza kuwekea mimea akiba ya maji ya kama milimita 120. Toa nafasi ya mawe, kwako zinabaki milimita 74. Siku za jua kali la kaskazi, malisho yaliyostawi hunywa kama milimita 5 kwa siku. Akiba ya 120 ingekwenda siku 24, yako inakwenda 15. Hizo ndizo wiki mbili zako. Na nyasi huanza kuteseka kabla tone la mwisho halijaisha, kwa hiyo wewe huona manjano mapema zaidi ya hapo.

Kule kuwahi kuchipua kunatoka mlemle. Mvua ndogo ya milimita 10 ikiingia kwenye udongo wenye mawe, haina pa kukaa ila kwenye zile chembe laini kati ya jiwe na jiwe, basi hushuka chini zaidi kuliko ambavyo ingeshuka bondeni. Maji yaliyoshuka hayapati jua la kuyakausha upesi, na mizizi huyakuta. Bondeni mvua hiyohiyo hulowesha sentimita chache za juu, na jua la adhuhuri huichukua. Changarawe yako inakupa mwanzo mzuri na mwisho mfupi. Nimeona watu wakiuza ng'ombe kwa kudhani wamelaaniwa, na kumbe ni hesabu ya nafasi.

Nahitaji kujua pia ni changarawe gani. Vunja tano kwa nyundo. Zikiwa duara na laini nje, nyeupe au kijivu ndani, na zinakwaruza chupa, hiyo ni kwatzi iliyosuguliwa na mto. Sitashangaa: mgongo huo wote kutoka Magarini kuendelea ni ile michanga myekundu ambayo wanajiolojia waliipa jina la Magarini yenyewe, iliyoletwa na mito na upepo mamilioni ya miaka kabla ya mto Sabaki kuwa kama tuujuavyo, na chini yake hulala tabaka za mawe madogo ya mto. Ukitaka kuona jinsi michanga hiyo inavyomong'onyoka ikikosa mimea, huna haja ya kwenda mbali, nenda ukingoni mwa korongo la Nyari hapo hapo Marafa. Zikiwa nyeusi-nyekundu, nzito, na ndani zina rangi ya kutu, ni vinundu vya chuma, na jina la udongo linaweza kubadilika. Zikitoa povu ukizidondoshea siki ni chokaa au matumbawe, lakini hayo ni ya huku kwetu karibu na ufuo, na pH yako ya 6.4 inaniambia hapana. Kwatzi haina vitundu, haishiki maji hata kidogo. Jiwe la matumbawe lingeshika kiasi. Ndiyo maana hesabu yangu ya 74 inafaa kwatzi tu.

Basi tuje kwenye jina.

Mfumo wa kimataifa wa kuupa udongo majina, uitwao WRB, una makundi 32, na unauendea kama mgeni anayepiga hodi mtaani nyumba kwa nyumba: kwa mpangilio, bila kuruka, na mlango wa kwanza kufunguka ndio wako. Mlango wa kwanza unaokuhusu ni Leptosoli, udongo mfupi au wa mawe matupu. Huko hufunguliwi, maana wanataka mwamba ndani ya sentimita 25, au chembe laini zisizofika asilimia 20 katika sentimita 75 za juu. Wewe unazo zaidi ya 60. Plinthosoli ni ya vinundu vya chuma, na tumekwisha kusema vunja mawe. Kisha unafika kwa Faeozemu, ambayo ndiyo jamaa wa Molisoli ya kijana wako.

Molisoli ni jina la Kimarekani. Mfumo wao una makundi makuu 12, na hilo ndilo la mbuga za nyasi za kule katikati ya nchi. Changarawe na kutotuamisha maji si sharti lake hata kidogo, yapo Molisoli yanayotota mwaka mzima. Sharti ni tabaka la juu: nene, jeusi au kahawia iliyokolea likiwa limeloa, lenye mboji, lililojaa besi (virutubisho kama kalsiamu na magnesiamu), na lisiloshikana kama tofali. Kwenye mfumo wa kimataifa unene huo ni sentimita 20 au zaidi. Kaboni yako inatosha, kwani wanaridhika na asilimia 0.6. Besi zinatosha. Unene ndio haufiki, una 15. Na sababu yake si uzembe wako. Kule baridi kali husimamisha uozo miezi mingi, mizizi iliyokufa inalundikana. Huku udongo ni wa moto Januari hadi Disemba, mchwa hawana likizo, na moto wa kiangazi humaliza kilichosazwa. Wamarekani wana neno la hali hiyo ya joto lisilobadilika, isohaipathemiki, refu kuliko baadhi ya vuli zetu.

Endelea kupiga hodi. Mfinyanzi wako unaruka kutoka 12 juu hadi 22 chini. Umeoshwa na maji ukashuka ukajikusanya. Chukua bonge la udongo mwekundu, livunje, angalia ndani ya vitundu vya mizizi: ukiona utando unaong'aa kama umepakwa mafuta, ndio huo. Sasa gawa CEC 5, yaani uwezo wa udongo kushika virutubisho, kwa mfinyanzi wa asilimia 22, unapata karibu 23 kwa kila kilo ya mfinyanzi mtupu. Mpaka ni 24. Chini ya hapo mfinyanzi ni wa kuchoka, hushika virutubisho kidogo, lakini kwa kuwa besi ni asilimia 70, angalau mikono yake midogo imejaa. Huo ni Liksisoli. Hapo mlango umefunguka.

Je, afisa na “skeletiki” yake? Hilo si kundi, ni sifa ya kutanguliza mbele ya jina, na hutolewa mawe yakifika asilimia 40 kwa wastani wa mita moja. Wewe una 38.5. Nina swali moja tu: yale mawe makubwa kuliko ngumi uliyachekecha, au uliyatupa kando ya shimo kwa sababu hayakuingia ndooni? Kama uliyatupa, yarudishe kwenye mizani, na nadhani utavuka 40 bila shida. Afisa wako alikisia kwa macho na huenda amepatia. Wamarekani wasingesubiri hayo. Wao huangalia hasa sehemu ya juu ya lile tabaka la mfinyanzi uliojikusanya, kwako sentimita 20 hadi 70, na mpaka wao ni 35. Nimepiga hesabu, una 41. Kwao shimo lako ni Alfisoli ya mawe, yaani udongo wenye mfinyanzi ulioshuka na besi za kutosha, bila ubishi. Shimo moja, majina mawili, na yote sahihi.

Kuhusu kutotuamisha maji: debe kuisha haraka ni dalili njema, lakini ushahidi ninaouamini ni rangi. Hujataja madoa ya kutu wala kijivu popote, na mwekundu wa namna moja hadi chini maana yake maji hayakai humo hata mwaka wa mvua nyingi. Hata hivyo tazama uso wa ardhi siku ya mvua kubwa. Tifutifu kichanga likipigwa na matone likiwa wazi hufanya gamba jembamba, na maji hukimbia juu ya udongo ambao ndani una kiu. Changarawe zilizolala juu hukukinga na hilo, usiziokote. Ila zikionekana kuongezeka mwaka hadi mwaka, ujue si zenyewe zinazopanda, ni udongo unaoondoka.

Kwa malisho nisingelima hapo kabisa. Lisha mgongo mwanzo wa msimu kwa kuwa ndio unaotangulia, acha shina la kama sentimita 10, na wahamishe ng'ombe kabla ya siku ya kumi mvua ikikatika, usingoje manjano. Ukipanda, tafuta mbegu za nyasi za Cenchrus ciliaris, ambazo mizizi yake hupita kati ya mawe. Nyasi za Boma Rhodes wanazokuuzia zitakupendeza msimu mmoja tu. Samadi weka kidogokidogo mara nyingi, maana udongo huu hauna ghala.

Na uchimbe shimo la pili, chini kabisa ya mteremko, kwenye mpaka wako na huyo jirani. Loanisha udongo wa juu kabla ya kutazama rangi, kisha pima weusi. Ukifika sentimita 20, mwambie kijana hakukosea sana, alikosea shimo.