_BitInt(12) haipunguzi memori

Ndugu, umeuliza kama _BitInt(12), namba kamili ya biti 12 iliyoletwa na C23 (kiwango kipya cha lugha ya C), itapunguza memori ya vipimo vyenu. Hapana, haitakuokolea kitu. Kwenye x86-64 (prosesa za kompyuta nyingi za kawaida) inachukua baiti 2 nzima, sawa na int16_t (namba ya biti 16), na safu ya vipimo 1000 itakula baiti 2000 vilevile. Jaribu sizeof, inayotoa ukubwa kwa baiti, uone. Kinachobana kweli ni vipande vya biti (bit-field) ndani ya struct, yaani kundi la thamani zinazohifadhiwa pamoja: joto biti 12, unyevu 10, namba ya kituo 10, jumla baiti 4 badala ya 6 za int16_t tatu. Kwa vipima kahawa vyenu vya Mbale vinavyotumia Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kompyuta yenye RAM ya KB 2 tu, hiyo ni nafuu kubwa sana. Ila huwezi kuchukua anwani ya kipande kwa &, na mpangilio wa biti huamuliwa na kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), hivyo kompyuta nyingine inaweza kuusoma tofauti; usiitume struct hiyo ilivyo kwenye seva ya Kampala.