Kabla hujanunua ekseli kubwa ya nyuma ya Land Rover

Mtu akileta gari gereji na kusema anataka ekseli ya nyuma iliyo imara zaidi, simuulizi kwanza ana bei gani mfukoni. Namuuliza kile kilichovunjika kiko wapi. Wengi wameshakitupa au wamekiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na hapo tunaanza kubahatisha. Kipande kilichovunjika ndicho kinachokwambia ununue nini, na mara nyingi kitu chenyewe ni kidogo kuliko ulichokuwa umejiandaa kukilipia.

Haya nawaandikia vijana wanaoanza ufundi wa magari ya porini, na madereva walionunua Land Rover Defender yao ya kwanza, 90 (fupi) au 110 (ndefu), wakitaka kufika nayo Natron, Loliondo au Ndutu msimu wa mvua. Nitakaa zaidi kwenye Land Rover, maana ndiyo niliyoizoea, na Land Cruiser nitaigusa mwishoni.

Chukua shafti iliyovunjika, yaani ile fimbo ya chuma ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu, ioshe kwa dizeli, ifute, kisha iangalie kwenye mwanga pale ilipokatika. Kama meno ya mwisho wa shafti yamejisokota, yaani hayajanyooka tena kama yalivyotoka kiwandani, basi shafti ilizidiwa nguvu. Kama pale palipokatika pana sehemu laini iliyoingia kutu, na pembeni yake sehemu mpya yenye chembechembe zinazong'aa, ufa ulikuwepo muda mrefu na siku hiyo ulimaliziwa tu. Gari la namna hii ya pili halidai ekseli nyingine. Linadai shafti mpya pande zote mbili, kwa sababu ile iliyobaki ina umri uleule na imepita barabara zilezile.

Halafu kuna kosa ambalo naliona kila mara kwa mafundi wachanga: gari linagonga "ka!" likitoka gia ya mbele kwenda rivasi, na fundi anatangaza difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli, imekufa. Kwenye Defender nyingi za katikati ya miaka ya 1990 na kuendelea, kinacholika mapema ni meno ya flenji ya habu, yaani kile kisahani cha chuma kinachounganisha shafti na habu, kitovu cha gurudumu. Sehemu ile haipati oili ya difu vizuri, na aliyefunga mara ya mwisho akisahau kupaka grisi, meno yanasagana makavu mpaka yanabaki membamba. Jaribio lake halihitaji mashine. Ng'oa kile kifuniko kidogo katikati ya flenji, chora mstari mmoja wa chaki au rangi unaopita kwenye ncha ya shafti na kwenye flenji, inua gurudumu hilo kwa jeki, uweke na stendi. Mwenzako alitikise gurudumu mbele na nyuma huku wewe unaangalia mstari. Mstari ukikatika, yaani flenji ikitembea na shafti ikabaki, umempata mwizi wako. Flenji na shafti utazinunua kwa sehemu ndogo sana ya bei ya ekseli.

Hapo kwenye kuinua, weka vigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, tena vya maana. Handbreki ya Land Rover hizi haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya transfa, giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, na inashika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lile la juu kuzunguka, na gari linaweza kuondoka juu ya jeki ingawa handbreki imevutwa mpaka mwisho. Mtu asiyelijua hili hatakiwi kulala chini ya gari hilo.

Sasa tuseme kweli shafti ilizidiwa. Ilizidiwa na nini? Wengi watakwambia injini. Piga hesabu. Injini ya 300Tdi, dizeli ya Defender nyingi, inatoa Nm 265 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na kila gia inaizidisha nguvu hiyo kwa namba yake. Kwenye gia ya kwanza ya 3.69, transfa ikiwa kwenye gia nzito ya 3.32, na difu ya 3.54, unapata zaidi ya Nm 11,000 upande wa magurudumu, kabla hujatoa kinachopotelea njiani. Ukiisoma namba hiyo peke yake utadhani kila shafti ingekatika asubuhi ya kwanza. Haikatiki kwa sababu tairi huteleza kabla nguvu yote haijafika. Gurudumu la nyuma linalobeba kilo 900, kwenye mwamba mkavu wenye mshiko mzuri, tairi likiwa na kimo cha sentimita 40 kutoka chini hadi katikati, haliwezi kupokea zaidi ya takribani Nm 2,800, likizidishiwa linaserereka. Sasa lipakie gari: paa la kufunguka, friji, viti saba, madumu ya mafuta, spea tairi mbili, mahema. Gurudumu lilelile likibeba kilo 1,300, shafti yake itadaiwa zaidi ya Nm 4,000. Injini haijabadilika hata kidogo. Ukiongeza tairi la inchi 35 badala ya 235/85R16, umeongeza tena kama sehemu moja ya kumi.

Ndiyo maana gari la safari la Arusha linavunja vitu ambavyo 90 tupu ya mtu wa mjini haivivunji, japo injini ni moja. Defender 110 ya kawaida imeidhinishwa kubeba mpaka jumla ya kilo 3,050 gari na mzigo pamoja. Kabla hujaongelea ekseli, lipeleke gari kwenye mizani likiwa limejaa kama linavyojaa siku ya safari, na abiria ndani. Ukikuta limepita hapo, ekseli kubwa itahamishia tatizo kwenye fremu, springi na breki.

Kipo kitu kingine kinachovunja shafti bila kujali hesabu hiyo: mshtuko. Gurudumu linazunguka hewani kwa kasi, linashuka ghafla kwenye jiwe na kusimama papo hapo. Hapo hata shafti nzuri inaweza kuondoka. Dawa yake iko mguuni kwa dereva, na hakuna duka linaloiuza.

Tuje kwenye kununua. Ekseli ya kawaida ya Rover, ile iliyo nyuma ya 90 na mbele ya karibu zote za kizazi hicho, kwa miaka mingi ilitoka na shafti za meno 10. Baada ya miaka ya mwanzo ya 1990 zikaja za meno 24, ambazo ni afadhali kwa mbali. Mwenye ekseli ya meno 10 anayeendesha na mzigo wa wastani, ushauri wangu ni aanze hapo: difu na shafti za meno 24, na difu iwe ya pini nne ndani, sio mbili. Pini ndizo zinazobeba zile gia ndogo za katikati ya difu; zikiwa mbili mzigo unaegemea kwenye gia mbili, zikiwa nne unagawanyika. Anabaki na kasha lake, breki zake, propela yake. Kazi ya siku moja kwa fundi mwenye vifaa.

Na ukitaka kufunga difu ya kujiloki, fanya shafti kwanza. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa, kwa hiyo gurudumu lililoko hewani linaiokoa shafti ya mwenzake. Ukiloki, nguvu yote inakwenda kwa gurudumu lenye mshiko kupitia shafti moja. Kufunga loki ya bei mbaya juu ya shafti za meno 10 ni kujitafutia kulala porini.

Kwa mwenye gari refu linalobeba watalii kila wiki, jibu la siku zote limekuwa ekseli kubwa iitwayo Salisbury. Ndiyo ekseli ya nyuma ya 109 za Series III, Land Rover ndefu zilizotangulia 110, tangu miaka ya 1970, na ya 110 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ina undugu na Dana 60, ekseli nzito ya Marekani, na ukiiona chini ya gari huwezi kuikosea: tumbo kubwa la mviringo lenye kava la bati nyuma lililofungwa kwa bolti nyingi. Krauni yake, ile gia ya duara ndani ya difu, ni kubwa, shafti nene, kasha gumu. Mimi naipenda. Lakini wanaoiuza huwa hawakwambii upande wa pili.

Kwanza, tumbo lile liko chini zaidi. Kwenye makorongo ya barabara ya Natron, pale malori yameacha njia mbili za kina na tuta katikati, ndilo linalotangulia kugusa. Pili, ni nzito, na ule ni uzito ambao springi hazibebi, kwa hiyo gari linarusha zaidi kwenye barabara za mawimbi. Tatu, pua yake imechomoza mbele zaidi, propela ya ekseli ya Rover haitafaa. Unahitaji iliyo fupi, na kwenye 90, ambayo propela yake tayari ni fupi, pembe ya joinsi, viungo vya propela, inakuwa kali na joinsi zinakufa mapema. Ndiyo maana siishauri kwa 90.

La nne ndilo zito kuliko yote kwangu. Difu ya Rover ni kitu kimoja kinachotolewa kwa mbele: unavuta shafti nje kidogo, unafungua nati, unaishusha, unapandisha nyingine iliyokwisha kusetiwa mezani. Mafundi wawili wanaifanya chini ya mgunga na kuendelea na safari. Salisbury inasetiwa ndani ya kasha lake lenyewe. Kasha linatanuliwa kwa kifaa maalumu, shimu, zile washa nyembamba za kurekebishia nafasi, zinapimwa kwa geji, mguso wa meno ya krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, unakaguliwa kwa rangi. Haivunjiki mara kwa mara, hilo ni kweli. Siku ikivunjika difu, gari linarudi Arusha kwa mgongo wa lori au kwa magurudumu ya mbele.

Kuhusu kurudi kwa magurudumu ya mbele: Rover na Salisbury za magari haya zote zina sifa moja ambayo nisingeiacha kwa bei yoyote. Gari linabebwa na beringi za habu. Shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Unafungua flenji, unatoa kipande cha shafti, unaziba tundu kwa plastiki na utepe vumbi lisiingie, unaloki difu ya kati, iliyo ndani ya transfa, na kwenda polepole. Usiitoe loki hiyo hata ukisimama, maana bila hiyo handbreki nayo haina cha kushika. Kwenye ekseli za aina nyingine, kama za Hilux na Prado, shafti yenyewe ndiyo imebeba gurudumu. Ikikatika upande wa nje, gurudumu linatoka na shafti yake na gari linakaa chini.

Land Cruiser za kazi, kama HZJ75 na wadogo zake, nyuma zina mpango huo wa habu kubeba gari, na juu ya hapo difu yake inatoka kwa mbele kama ya Rover. Kwa kweli ndiyo sababu kubwa ya madereva wengi kuhamia huko. Shida yake ndogo ni zile nati zenye washa za koni zinazofunga shafti kwenye habu. Zinalegea, na zikilegea stadi zinakatika. Zikazwe kwa spana ya kupimia kila safari ndefu inapoisha.

Ukishaamua kununua iliyotumika, usiondoke kwa muuzaji bila kuhakikisha uwiano wa difu, yaani pinioni inazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja. Salisbury ya 109 ni 4.7, ya 110 ni 3.54. Kwa nje zinafanana. Ukiweka ya 4.7 nyuma na mbele ukaacha 3.54, magurudumu ya nyuma yanataka kwenda polepole kuliko ya mbele, na siku utakapoloki difu ya kati mahali pakavu kitu kitakatika. Kupima ni rahisi: ekseli ikiwa chini, mtu ashike habu moja isizunguke, wewe zungusha ya pili mizunguko miwili kamili, na wa tatu ahesabu mizunguko ya pinioni. Mitatu na nusu ni 3.54. Ikikaribia minne na robo tatu, hiyo ni 4.7, iache.

Fungua kava pia, uchungulie oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yalishaingia, na beringi usiziamini hata zikizunguka kimya. Pitisha kidole sakafuni mwa kasha. Unga laini wa chuma ni kawaida, vipande vyenye kona ni meno ya kitu. Angalia viungo vya kuchomelea pale mikono inayotoka kwenye fremu inaposhika ekseli kama kuna nyufa chini ya matope.

Siku ya kufunga, refusha kimpira cha kupumulia mpaka juu ya fremu. Ekseli ya moto ikiingia mtoni inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia hapo au kupitia oili sili. Salisbury inakula takribani lita 2.3 za oili ya EP90, Rover lita 1.7. Ukirudi safari ya kwanza, imwage ikiwa bado ina joto, uangalie kilichotoka, ujaze mpya, na ukaze tena bolti za propela.