Palahala wa Shimba Hills: nusu siku inatosha?

Ndugu, nusu siku kutoka Diani inatosha, mradi usianze na maporomoko ya maji ya Sheldrick. Palahala, swala wakubwa ambao Kenya nzima wako kwenye hifadhi ya Shimba Hills tu, huonekana zaidi asubuhi mapema kwenye nyasi zilizo wazi. Jua likipanda hurudi kivulini pembeni mwa msitu, ukawapita usiwaone. Dume ni mweusi mwenye tumbo jeupe; jike na ndama ni wa kahawia, kwa hiyo usitafute weusi tu. Endesha polepole, simama, kagua ukingo wa miti kwa darubini.

Baadaye nenda kwenye maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha mita 21. Njia ni ya miguu, lazima na askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) kwa sababu ya tembo. Kushuka ni rahisi; wengi huishiwa nguvu wakipanda kurudi kwenye joto na unyevu, basi beba maji, angalau lita moja na nusu kila mtu.

Usivae buluu wala nyeusi, mbung'o huvutwa na rangi hizo. Aprili na Mei barabara za udongo mwekundu huteleza vibaya sana: gari dogo liache, tafuta la 4x4.