Barua kwa mwanangu: Kunguru wa Hawaii na kunguru wa Kibokoni

Mwanangu Rehema,

Sisi wazima, kaskazi tu ndiyo inatukausha. Barua yako nimeisoma mara mbili hapa barazani. Wasema darasani mmebishana juu ya 'alala, kunguru wa Hawaii. Miaka ya 1990 waliachiliwa 27 msituni, wakafa 21, sita wakarudishwa kizimbani. Kati ya 2016 na 2019 wakaachiliwa 30, na 2020 wakakusanywa watano waliosalia. Na bado Novemba 2024 wengine watano wakafunguliwa mlango. Waniuliza kama huo ni ustahimilivu au ni kuwatoa viumbe kafara. Halafu ukanichokoza: "Baba, wewe unayewarushia kandambili kila asubuhi, wasemaje?"

Kandambili nimerusha leo pia. Mamako aliniwekea mahamri na mbaazi, nikaingia ndani kufuata chai. Kutoka, hamri moja limeshaota mbawa. Mwizi yuko juu ya mabati ya jirani, shingo ya kijivu, ananitazama kwa jicho moja. Kisha akashukia ndoo ya maji, akalichovya hamri langu lilainike.

Lakini huyu si mwenyeji. Kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ale taka, na 1947 akawa ameshatufikia Mombasa. Mwenyeji ni yule mwenye kizibao cheupe, ambaye siku hizi ukimwona mjini wamwita mwenzio aje atazame. Wa kijivu amemfukuza, na mayai na makinda ya ndege wengine anayala. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walipotangaza 2024 kwamba wanataka kuwaangamiza milioni moja, mimi machozi hayakunitoka.

'Alala ni kinyume chake. Hakuletwa na mtu. Ni wa kisiwa kile kikubwa cha Hawaii, akila matunda ya msitu na kusambaza mbegu, matunda mengine makubwa hata ndege waliobaki huko hawawezi kuyameza. Ukiwaacha hao walioachiliwa baadaye, mwituni alionekana mara ya mwisho 2002. Waliopo sasa, mia na ushei, ni uzao wa ndege tisa. Kwa hiyo usichanganye kandambili yangu na suala lako.

Suala lako ni vile vifo, na hapo nataka uwakumbuke vifaranga wa mashine. Ulikuwa darasa la tatu. Nilinunua hamsini, tukawakuza kwa taa ndani ya boksi, wakanenepa. Siku ya kuwatoa uani, kunguru akatua ukutani. Wangekuwa na mama, angetoa mlio ule mmoja tu na wote wangekuwa chini ya mbawa zake. Hawa waliinua vichwa wakamkimbilia, wakidhani analeta pumba. Wewe ulilia, mimi nikahesabu hasara. Kufika Ijumaa walibaki kumi na mmoja, na kosa lilikuwa langu.

Sasa msome 'alala kwa jicho hilo. Kuna makinda waliolishwa kwa mkono wa mtu uliovishwa sanamu ya kichwa cha kunguru. Watafiti walipolinganisha sauti za zamani za mwituni na za kizimbani, waliona milio ya kutetea himaya imepotea na ile ya kutahadharisha imepungua. Ndege ana mbawa, ana akili (wengi wao huokota kijiti wakachokoa chakula tunduni bila kufundishwa), lakini neno la "mwewe huyo!" halimtoki. Desemba 2016 madume watano walitolewa katika hifadhi ya Pu'u Maka'ala. Muda si mrefu watatu wakawa wamekufa, na mwewe wa huko, 'io, akawamo katika lawama. Sisi twasema kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Wale uoga hawakurithishwa.

Wenyewe wakaliona. Waliofuata waliletewa mwewe hai huku wakipigiwa sauti za kunguru wenye hofu, na 2017 wakatolewa kumi na mmoja. Walikaa zaidi, baadaye wengine hata wakajenga viota. Kisha vifo vikarudi.

Mimi ningeufungua mlango. Lakini si popote: ningeufungua kisiwa cha Maui, kama walivyofanya 2024, kwa sababu kisiwa hicho hakina 'io. Wakumbuka nilivyofanya mara ya pili? Nilimtafuta mtetea wa kienyeji, nikamwingizia vifaranga usiku. 'Alala hana mtetea. Hakuna mzee hata mmoja aliyeishi msituni akazeeka, na mzee hapatikani ila wachache wapewe mahali pa kuzeekea. Hao watano ni wa kazi hiyo. Wale wa miaka ya 1990, nakubaliana na wenzako, walitolewa mapema mno. Na bado nina wasiwasi na paka, maana ugonjwa wa mavi ya paka uliwaua baadhi yao zamani, na paka hajui mpaka wa hifadhi.

Jana magharibi nilikuwa Mama Ngina, pale ufukoni. Mmoja mwenye kizibao cheupe alikuwa juu ya mnazi, wa kijivu saba wamemzunguka, wanamfukuza kuelekea Likoni. Watu walikuwa wengi, wanakula mihogo, wananitazama.

Nikavua kandambili.

Babako