Fundi, hii kweli ni mninga?

Ujumbe mwingi uliofika safari hii unahusu mninga, mti wa porini unaotupa mbao ngumu za samani. Naanza na uliotoka kwa mama mmoja wa Morogoro, maana shida yake naiona karibu kila mwezi.

Shikamoo fundi. Mwaka jana nilitengenezewa kitanda cha mninga. Sasa kila asubuhi nakuta unga sakafuni chini ya mguu mmoja, na mbao ina vitundu vidogo. Fundi wangu anaapa kuwa ni mninga halisi. Nimedanganywa?

Marahaba mama. Inawezekana kabisa kwamba mti wenyewe ni mninga, ila umeuziwa sehemu yake isiyofaa. Gogo la mninga ukilitazama kwenye kikato, katikati utaona kiini cha kahawia, na kukizunguka kuna mbao nyeupe iliyoelekea umanjano kidogo. Kiini ndicho kilichoupa mninga sifa. Mchwa hawakipendi, na bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, hawakiwezi. Ule weupe wa nje una wanga, na wanga ndio chakula cha bungua. Jike hutaga mayai ndani ya vinyweleo vya mbao, funza wake hula kwa ndani miezi kadhaa bila mtu kujua, kisha mdudu aliyekomaa hutoboa na kutoka. Anaacha tundu la milimita moja au mbili na unga laini kama poda ya mtoto. Huo ndio unaoufagia.

Kwangua vanishi kidogo penye vitundu. Nina hakika utakuta weupe uliopakwa rangi ya kahawia ili ufanane na kiini. Kuna mafundi wanaofanya hivyo kwa kutojua, na kuna wanaojua. Anayejua akauficha amemwibia mteja, na hilo nalisema wazi.

Kama mguu mzima ni mweupe, mwambie aubadilishe kwa gharama yake. Kama ni ukingo tu, auchonge hadi akute kahawia, apake dawa ya wadudu wa mbao mara mbili, azibe kwa kipande cha kiini, ndipo apige vanishi. Halafu geuzeni kitanda. Chini ya chaga na nyuma ya kichwa cha kitanda mafundi wengi hawapaki chochote, na bungua hutaga pale pale palipo wazi. Pakeni kote.

Ndugu fundi, nitautambuaje mninga pale kwenye yadi? Wauzaji wote wanasema "mninga huu, bosi". – Kijana anayejenga, Dodoma

Nenda na kisu kidogo. Omba ruhusa, kisha kwangua pembeni mpaka upate mbao mpya. Rangi ya kupaka hukaa juu tu, ila kahawia ya mninga inaingia hadi ndani. Usitegemee kupata rangi moja, kwa sababu kuna mininga ya kahawia ya dhahabu, kuna iliyokolea kama tofali, na mara nyingi michirizi myekundu hupita katikati. Nusa pale ulipokwangua: mninga una harufu nzuri, nyepesi, na mtu aliyeufanyia kazi haisahau.

Kisha pima uzito kwa mikono. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu ni kama kilo 640. Kwa hiyo ubao wa inchi moja kwa nane, urefu futi 12, ukiwa mkavu una kilo 12 hivi. Ukikuta unakuelemea, ama ni mbichi, ama ni mti mwingine. Ubao wa mti wa mkongo wenye vipimo hivyo hivyo hukaribia kilo 15.

Mbichi ndio unaonitisha zaidi kuliko wa bandia. Sifa kubwa ya mninga, inayofanya niutafute kuliko miti mingine, ni kutulia. Kutoka ubichi hadi ukavu wa kutengenezea samani, upana wake hupungua kwa takriban asilimia moja na nusu tu, kiasi kidogo sana kwa mbao ngumu. Ubao wa sentimita 30 unapoteza milimita nne au tano. Ndiyo maana droo ya mninga iliyotengenezwa vizuri hufunguka masika na kiangazi bila kukwama. Lakini hizo milimita tano zikipotea baada ya meza kuwa sebuleni, kiungo kitaachia na uso wa meza utapasuka. Mninga haukauki haraka. Panga mbao zako kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, na kama una nafasi uziache miezi sita. Anayekuahidi kabati wiki ijayo kwa mbao zilizoshushwa jana kutoka porini, mkimbie.

Fundi, huku kwetu Mombasa wazee wanasifu mbambakofi kwa milango. Ni mti gani huo, na unaushinda mninga?

Mbambakofi ndio huo huo mkongo wetu wa bara. Kwa mlango wa nje unaopigwa na jua na mvua mimi huchagua mkongo kwanza, kwani ni mzito na mgumu zaidi. Mninga nao unafaa, mradi hauna weupe. Usiupake tu vanishi ya ndani, jua litaibanua. Tumia mafuta ya mbao na uyarudie kila mwaka.

Randa inararua uso wa ubao. Nikienda huku unararuka, nikigeuza unararuka pengine. Nifanyeje mwalimu? – Mwanafunzi wa useremala, Iringa

Nyuzi za mninga hupishana: tabaka moja limelalia kulia, linalofuata kushoto. Hakuna upande ulio sahihi kwa ubao mzima. Noa ulimi wa randa hadi unyoe nywele za mkono, toa maranda membamba kama karatasi, na sehemu korofi zimalizie kwa bamba la chuma la kukwangulia. Msasa uwe wa mwisho. Na vaa barakoa, mwanangu. Vumbi la mninga huwasha pua na kubana kifua, na nimeona vijana wazuri wakiiacha kazi kwa sababu hiyo.

Nina ekari sita karibu na Urambo. Nipande mninga niwe tajiri? – Mkulima, Tabora

Ukitafuta fedha utakazozitumia wewe mwenyewe, panda mtiki. Mninga una saa yake. Mche ukiota, kiangazi kinapofika shina hukauka na kufa, mzizi ukabaki hai chini. Mvua zikirudi unachipua tena, kiangazi ukafa tena, na hali hiyo huendelea miaka mingi mzizi ukijaza akiba. Siku mzizi umeshiba, chipukizi hupanda kwa kasi na haurudi nyuma tena. Huko Zimbabwe, kwenye misitu mikavu ya magharibi, watafiti waliohesabu pete za miti walikuta mninga huchukua kwa wastani zaidi ya miaka 100 kufikia kipenyo cha sentimita 35. Kitanda cha yule mama wa Morogoro kilikuwa mti kabla babu yake hajazaliwa.

Lakini usiache hivyo. Zunguka shamba lako utafute ile iliyojiotea. Utaitambua kwa tunda lake la duara, lenye miiba katikati na bawa kuzunguka, na gome ukilichanja linatoa utomvu mwekundu kama damu. Chipukizi nene inayotoka kwenye mzizi mkongwe inaweza kuwa imeshapita ile miaka ya kufa na kufufuka, ikawa inasubiri tu nafasi. Adui yake ni moto. Mwezi Mei, kabla nyasi hazijakauka, fyeka na parua duara la hatua tatu kuzunguka kila chipukizi, na mwambie jirani yako asichome shamba siku ya upepo.