Barua kwa mwanangu: robo tatu ya tisa

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Unguja hatujambo. Mama yako anakusalimu, na goti la shangazi yako limepata nafuu. Swali lako nimekaa nalo siku kumi. Nilikwambia kwenye simu kwamba nitaandika, kwa sababu kwenye simu mimi husema haraka mambo ambayo usiku wake nayajutia.

Uliniuliza hivi: umepata nafasi ya shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji huko Dresden, Ujerumani, masomo yote kwa Kiingereza. Ubalozi unataka uonyeshe euro 11,904 kwenye ile akaunti ya kufungiwa wanayoiita Sperrkonto, ambayo ukishafika unachota euro 992 kwa mwezi na si zaidi. Je, tuuze kiwanja cha Fumba uende Oktoba hii, au usubiri mwaka mwengine uombe ufadhili wa DAAD, lile shirika la Wajerumani la kufadhili wanafunzi?

Hesabu nimezifanya. Ni zaidi ya shilingi milioni 30, na kiwanja kinazifikia, Fumba ya leo si ile tuliyokuwa tukienda na bibi yako kuchimba mihogo. Ada haitusumbui, vyuo vingi vya serikali kule havitozi ada ya masomo, na vizuri hukuchagua jimbo la Baden-Württemberg, ambako mgeni asiye wa Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kila muhula. Kazi za mkono nazo sheria inakuruhusu siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu siku. Kwa hiyo pesa ina njia zake. Lakini tulizungumza karibu saa nzima, na neno Kijerumani hukulitaja. Nilipolitaja mimi ulinijibu, "Baba, si programu ya Kiingereza?"

Kilichoninyima usingizi ni jibu hilo. Fumba haijaninyima usingizi hata kidogo.

Lugha kwanza, karatasi baadaye. Umelisikia neno hili tangu hujabadilisha meno, na kaka zako walikuwa wakilisema kabla sijafungua mdomo. Sasa nalisema tena, na safari hii nataka ujue limetoka wapi, maana nusu yake sijapata kuwasimulia.

Nusu ya kwanza mnaijua. Mimi nilikulia kwenye magorofa ya Kikwajuni waliyoyajenga Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi, kwa hiyo nilipoondoka 1986 nilijiona nakwenda kwa watu ninaowafahamu. Leipzig walitupeleka Herder-Institut, mwaka mzima wa lugha kabla ya kugusa somo lolote. Walitupa vioo vidogo tutazame midomo yetu tunapotamka ü. Nikafaulu. Nikahamia chuo cha ufundi katika mji mwengine wa Sachsen, jimbo hilo hilo unalokwenda wewe, na huko nikakuta hawasemi Kijerumani cha Herder. P yao ni b, t yao ni d, na saa zao ni saa za kwao wenyewe.

Msaidizi wa profesa alinikuta kwenye ukumbi akaniambia mtihani wangu wa mdomo umesogezwa, ni "dreiviertel neun". Robo tatu ya tisa. Sisi tungesema saa tatu kasorobo, na kitabu cha Herder kilisema robo kabla ya tisa. Wao wanasema robo tatu ya tisa kwa maana kwamba saa ya tisa imeshajaa robo tatu. Ukifikiri vizuri, hesabu yao na kasorobo yetu ni ndugu. Lakini mimi, ambaye kila saa niliyoisikia nilikuwa naigeuza kichwani kutoka kwao kuja kwetu na kurudi, nilisikia tisa na robo tatu. Nikatikisa kichwa. Nikasema, "Alles klar," yaani nimeelewa yote.

Nilifika saa tatu na nusu ya kwetu, nikiamini nimewahi kwa robo saa. Mlango ulikuwa umefungwa. Profesa alitoka na koti lake mkononi, akamtazama msaidizi, na msaidizi akasema, "Aliniambia ameelewa." Hakuna aliyepaza sauti. Nilirudia mtihani ule baada ya miezi saba, na likizo yangu yote ikaishia maktaba. Nyinyi mmeicheka sana hadithi hii, na ilinipendeza mlivyoicheka, lakini mimi sijapata kuicheka. Kilichobaki moyoni ni kile kichwa changu kilichotikisika. Kuuliza "samahani, yaani saa ngapi?" kungenigharimu sekunde tatu, nikaona haya.

Sasa nakusikia. Utasema, baba, hiyo ni 1988. Leo simu inatafsiri, ratiba inakuja kwa barua pepe na tarakimu zake, walimu wako watakuwa wanafundisha kwa Kiingereza, na mtoto wa mjomba wako amemaliza miaka miwili kule bila kujua zaidi ya kuagiza mkate, na shahada kaipata. Ni kweli. Nimebishana na nafsi yangu juu ya huyo mtoto wa mjomba wako usiku mbili, na nakiri hoja yake ina nguvu. Kama unakwenda kuchukua karatasi na kurudi, Kiingereza kinatosha. Sheria yenyewe inakupa viza kwa lugha ya masomo yako. Hata nikajiuliza: labda ninamtwisha mwanangu mzigo wa zama zangu.

Halafu namkumbuka yule kijana wa Palma, na ubishi unaniishia.

Huyu ndiye nusu ya pili. Alikuwa Mmsumbiji, kwao Palma, kaskazini kabisa, ng'ambo ya Ruvuma tu, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kama chetu. Alikuja Ujerumani ya Mashariki kwa ule mkataba wa serikali mbili wa kupeleka vijana viwandani. Kiwanda chake kilikuwa vituo viwili vya tramu kutoka dahalia yetu. Jumapili alikuja kupika. Aliniita kaka ingawa tulikuwa rika moja, kwa sababu nilikuwa nasoma na yeye anafanya kazi ya mashine. Alikuwa na Kijerumani cha kiwandani: shika, leta, simamisha, haraka. Darasa la lugha walipewa wiki chache, kisha mashine.

Ukuta wa Berlin ukaanguka Novemba 1989. Julai 1990 ikaja marki, pesa ya Ujerumani ya Magharibi, na viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kimoja, wakitangulizwa wageni kuachishwa. Mwisho wa Septemba, siku ya Jumatano jioni, kijana wa Palma alikuja dahalia na karatasi mbili zimekunjwa mfukoni. Akasema, "Kaka, wanataka nitie saini. Nisomee."

Nilikuwa na mtihani Ijumaa. Tangu ule wa robo tatu ya tisa nilikuwa mtu wa kuogopa mitihani kupita kiasi. Nilizipokea karatasi, nikazitazama juu juu. Ilikuwa Kijerumani cha ofisini, sentensi moja inashuka mistari sita kabla hujakutana na kitenzi chake. Nikamrudishia. Nikasema, "Njoo Jumapili, tutakaa nazo vizuri."

Akasema haya kaka. Hakukunja uso, hakuniomba mara ya pili.

Jumapili hakuja. Jumatatu nilikwenda bwenini kwao, chumba chake kilikuwa na godoro tupu. Walimtilisha saini Alhamisi, na kwenye ndege ya Maputo wakampandisha Jumamosi usiku na wenzake.

Karatasi ile sikuisoma, lakini aliyebaki wa mwisho pale bwenini alinionyesha ya kwake, iliyokuwa nakala ya ile ile. Nikaisoma nimesimama. Ilisema kwamba mfanyakazi anakubali kwa hiari yake mkataba ukome na anataka kurudi kwao. Hakukuwa na uongo ndani yake. Ila haikusema kwamba aliyeachishwa kabla ya mkataba kwisha alikuwa na haki ya kubaki mpaka muda wake utimie, wala haikusema kuhusu fidia ya marki 3,000. Haki hizo zilikuwa kwenye kanuni nyengine, na mimi nilikwisha kuzisikia, kwa sababu nilikuwa nasoma magazeti yaliyobandikwa chuoni. Ningekaa naye nusu saa Jumatano ile, ningemwambia: usitie, waulize kuhusu hili.

Ndiyo maana habari za simu inayotafsiri hazinitoshi. Simu ingemtafsiria karatasi ile neno kwa neno, na angeitia saini vilevile. Yaliyomdhulumu ni yale yasiyoandikwa, na hayo mtu huyapata kwa kukaa na watu, kusikia wanachonong'ona kwenye tramu, kusoma gazeti la ukutani bila kutumwa.

Siku chache baadaye Ujerumani mbili zikaungana, tarehe 3 Oktoba, na sisi wa ufadhili tukawa hatujui nani atatulisha. Ikaja barua kwamba DAAD ndiyo itakayotubeba mpaka tumalize. Waafrika wa ghorofa yetu walijazana jikoni, nikaisoma kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, na wakapiga makofi. Mtu wa Mali alinikumbatia. Mimi nilikuwa natazama kile kiti cha karibu na jiko alichokuwa akikaa kijana wa Palma akimenya vitunguu. Lugha ninayo, nikajiambia, na siku iliyohitajika sikuitoa.

Wengi wa wale walirudi na kukuta hata ile sehemu ya mishahara iliyokuwa ikikatwa ili wakalipwe nyumbani hawaipati. Madgermanes wanaitwa, na miaka mingi wameandamana Maputo wakidai haki yao. Kila nilipoona picha yao gazetini nilitafuta uso mmoja. Sikuupata. Na tangu 2017, vita vilipoingia Cabo Delgado, jimbo la kwao Palma, na khasa Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, nimekuwa nikisikiliza habari za huko kama mtu mwenye ndugu. Mama yako alinikuta nalia mbele ya redio akadhani nimeumwa. Sikumwambia. Sasa nimekwambia wewe, na barua hii utamsomea yeye pia, mimi mdomo wangu hautaweza.

Turudi kwenye swali lako. Najua nimelizunguka. Nilikwisha kuandika sentensi nzima hapa juu ya kiwanja, kisha nikaikata, utaona mahali penyewe kalamu ilipokwangua. Ardhi ile ni ya bibi yako kwa jasho lake, aliniachia mimi, na mimi nilishasema ni yako, hivyo nikikupa hukumu leo nitakuwa nimekunyang'anya nilichokupa. Mama yako anasema ardhi haiozi. Ana haki. Mimi nasema na umri nao hausubiri, una miaka 27. Na mimi nina haki. Unaona kwa nini nanyamaza, ingawa kunyamaza kwenyewe kunanichoma.

Nitakalolisema ni hili tu, wala halihusu Fumba. Uende Oktoba hii au ya mwakani, uende na Kijerumani. Usingoje kukikuta huko. Goethe-Institut ipo hapo hapo Dar es Salaam, ukitoka kazini unafika. Anza A1, ngazi ya kwanza, mwezi huu. Ukifika B1, ngazi ya tatu, utakuwa unaweza kuuliza mara ya pili usipoelewa mara ya kwanza, na hiyo ndiyo lugha ninayoizungumzia. Sarufi utaikosea miaka yote, mimi naikosea mpaka kesho. Lugha kwanza, karatasi baadaye. Na ukikutana kule na mtu wa kwetu, au wa ng'ambo ya mto, au wa popote, akakuletea karatasi mfukoni Jumatano jioni, mwanangu, soma Jumatano hiyo hiyo. Mtihani wa Ijumaa una marudio.

Hati ya kiwanja iko kwenye sanduku la bibi yako, chini ya zile kanga zake. Ukiamua kuuza, nitakuja nawe kwa sheha na nitatia saini bila neno. Ukiamua kungoja, sitakuuliza kwa nini.

Kamusi yangu ya Leipzig nimempa kaka yako, atakuja nayo kwa boti ya Jumamosi asubuhi. Jalada limeachia, ulitie gundi. Ukurasa wa kwanza utakuta nimeandika saa zao zote za Sachsen, robo ya tisa, nusu ya tisa, robo tatu ya tisa, na pembeni yake saa zetu. Dresden wazee wanazitumia bado.

Baba yako
Kikwajuni, Unguja